Swali Nililomuuliza Bi. Siwezi Mara Mbili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Waandishi wa Habari. Ndugu Mhariri Mkuu, mwenyeji wetu leo. Waheshimiwa mawakili, ambao nawaona mmekaa karibu na mlango kama kawaida yenu. Ndugu waandishi, wapiga picha, mafundi mitambo na madereva wa gazeti hili. Wanafamilia wa mstaafu, kaka mkubwa, watoto na wajukuu. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe mwenyewe, bibi tunayekuaga, uliyekaa hapo mbele na maua mapajani ukinitazama vile vile ulivyonitazama ukiwa kizimbani: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa daraja lake. Kama nimemruka mtu, anisamehe. Miwani hii ni ya kusomea, si ya kutazamia watu.

Kabla sijaendelea, simu hiyo inayolia huko nyuma izimwe. Sirudii.

Ahsante. Mniwie radhi. Kiti cha jaji ukikikalia miaka mingi, ukistaafu unaondoka nacho. Binti yangu, ambaye ndiye aliyenileta kwa gari lake, ameniambia tukiwa njiani, "Baba, tafadhali, usiende kuwasomea watu hukumu." Nikamwambia sina hukumu yoyote. Na kweli sina. Nilikuwa na hotuba, nimeiandika kwa mkono wangu, ina mwanzo na mwisho, na hadi naingia kwenye jengo hili nilikuwa naiamini. Lakini muda mfupi uliopita, katika chumba cha wahariri hapo kando, mimi na mstaafu tumezungumza maneno machache, na maneno hayo yameivuruga hotuba yote. Kwa hiyo itabaki mfukoni, nami nitasema yanavyokuja. Nikipotea njia mnivumilie, maana mwenzenu nimechanganyikiwa, na sijazoea kuchanganyikiwa mbele za watu.

Naona mnanong'onezana. "Huyu si ndiye aliyemfunga?" Ndiye. Msipate tabu ya kuulizana. Mimi ndiye jaji niliyempeleka Bi. Siwezi gerezani kwa kosa la kuidharau mahakama, na hata hilo jina mnalomwita lilizaliwa katika chumba changu cha mahakama. Sasa, mtu aliyekufunga unamwalikaje kwenye sherehe ya kukuaga, tena unampa kipaza sauti? Barua ya mwaliko ilipofika nilidhani imekosewa mlango. Binti yangu akaisoma, akasema, "Baba, jina ni lako." Nikamwambia basi wananiita wanizomee.

Kwa faida ya vijana ambao wakati ule walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wanatambaa, nieleze kwa ufupi. Bibi huyu aliandika habari kuhusu wodi ya watoto ya hospitali kuu. Aliandika kwamba mitungi ya oksijeni inayoletwa na mzabuni inapokelewa kama imejaa, kumbe mshale wa geji unasimama nusu, na kwamba watoto wachanga wamekufa mtungi ukiwa umeishiwa huku watu wakikimbia huku na huko kutafuta mwingine. Hakutaja aliyemweleza. Aliandika tu, "mtu anayefanya kazi hospitalini hapo". Mzabuni akalishtaki gazeti kwa kashfa, na wakili wake akasimama mbele yangu akasema: huyo mtu ni nani? Mteja wangu anaitwa muuaji na mtu asiye na uso. Tunaomba mahakama imwamuru mwandishi amtaje.

Sasa nawauliza, na mawakili msinijibu: mlitaka nifanye nini? Mtu akishtakiwa hana haki ya kumjua anayemshtaki? Je, kama huyo mtoa habari alikuwa mshindani wa mzabuni, anataka zabuni iende kwake? Je, kama alikuwa mfanyakazi aliyefukuzwa, ana donge moyoni? Jaji haoni ndani ya moyo wa mtu asiyekuwepo. Nilipima, nikatoa amri: mwandishi ataje. Nikamtazama, nikamwambia kwa upole, maana sikuwa na ugomvi naye, "Bibi, nani alikuambia?"

Akasema, "Siwezi, Mheshimiwa."

Nikamwambia huwezi au hutaki? Akasema, "Nilimwahidi. Siwezi." Nikamweleza matokeo yake. Akasema anayajua. Nikampa muda akazungumze na wakili wake, akaenda, akarudi, akasema siwezi. Hata karani wangu, ambaye alikuwa hacheki hata siku ya mshahara, alianza kutabasamu. Nikaamuru akae gerezani mpaka atakapokuwa tayari kujibu. Akachukua mkoba wake, akaninamia kichwa kwa heshima kama inavyotakiwa, akaenda. Ndiyo maana hadi leo sielewi kwa nini kosa lile linaitwa dharau. Nimedharauliwa na watu wengi mahakamani, wengine wamenitukania mama yangu, lakini yeye hakunidharau hata kidogo.

Alikaa ndani karibu mwezi mzima. Hakujibu. Kilichomtoa ni mzabuni mwenyewe: wakaguzi walikwenda hospitalini, wakapima mitungi mbele ya watu, wakakuta ni nusu kweli, na kesho yake wakili wa mzabuni akaja mbio mbio kufuta kesi. Kesi ikiisha, swali nalo limeisha. Nikamwachia huru. Hakuna aliyemshangilia kuliko nilivyomshangilia mimi, ila moyoni, kwa kuwa jaji hapigi makofi.

Wakati ule mlinichora katika gazeti lenu nikiwa na masikio ya punda. Mchoraji yupo? Yule pale, anajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Inuka tu, mzee mwenzangu, sina kinyongo, yale masikio yalikuwa yamechorwa vizuri.

Ndugu zangu, kama mlitegemea nimekuja kuomba radhi, nitawaangusha. Sijaja kuomba radhi. Hata leo ukinipa faili lile lile, sheria ile ile, nadhani nitatoa amri ile ile. Mahakama ikiuliza na watu wakajichagulia maswali ya kujibu, kesho mwizi naye atasema nilimwahidi mwenzangu. Haya, gunieni. Mmemaliza? Lakini ukiniuliza kama yeye alikosea, nitakuambia hapana, hakukosea. Angemtaja yule mtu, nani tena angefungua mdomo katika hospitali ile? Watoto wangapi wangekufa kimya kimya? Kwa hiyo mimi nilikuwa sahihi, na yeye alikuwa sahihi, na mmoja wetu alilala kwenye sakafu ya gereza. Nimelitafuta kosa liko wapi mpaka nimechoka. Nyinyi mnaoandika tahariri kila siku, mkilipata mniambie.

Lakini hilo silo lililonivuruga leo. Hilo nimeishi nalo. La leo linahusu mke wangu.

Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa muuguzi katika hospitali ile ile, kiongozi wa wodi ya wazazi. Mji mzima ulimwita Matroni, na mimi pia nikamwita hivyo, maana ukimwita kwa jina lake haitiki. Msikurupuke. Siku ya kwanza ya kesi nililitangaza jambo hilo wazi: mke wangu anafanya kazi pale, si wodi ya watoto, ni ya wazazi, na hospitali yenyewe haimo katika shauri hili. Nikauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mawakili wa pande zote wakasimama, wakasema hawana. Iko kwenye kumbukumbu za mahakama.

Na nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja niliyoiweka tangu tuoane: kesi haivuki kizingiti. Ninayoyasikia kule naacha kule, nawe usiniulize, na ukisikia lolote sokoni au kazini kuhusu shauri lililo mbele yangu, usinieleze. Majaji wenzangu walinicheka. Wao walikuwa wanarudi nyumbani wanawahadithia wake zao kila kitu, kisha wanashangaa mji unajua hukumu kabla haijasomwa. Mimi, la. Nilijivunia sheria ile. Nawaambia ukweli, nilijivunia kuliko kitu chochote.

Sasa, siku zile bibi huyu alipokuwa ndani, hotipoti yetu ilipotea mezani. Mwanamume wa nyumba hajui mengi, lakini hotipoti anaijua. Nikauliza, "Hotipoti iko wapi?" Matroni akasema, "Imeazimwa." Basi. Nikala chakula kimepoa. Ilirudi wiki ile ile mwandishi alipotoka, ikawekwa mahali pake, na mimi, msomi mzima, sikujumlisha moja na moja. Ni baadaye sana askari wa magereza, mwanamke, alipokutana nami benki, akanisalimia kwa bashasha akasema, "Mheshimiwa, mama alitusaidia sana kipindi kile, alikuwa akileta chakula cha yule mwandishi kila siku, na sisi tunaonja." Yaani nilimfunga kwa amri yangu na kumlisha kwa mshahara wangu! Nikacheka peke yangu njia nzima.

Mnacheka na nyinyi. Chekeni tu. Mimi nilicheka kwa sababu niliona ni Matroni yule yule. Mwanamke yule alikuwa akipelekea chakula kila mtu. Jirani yetu aliiba baiskeli, akapelekewa chakula kituoni, tena baiskeli yenyewe ilikuwa ya kaka yake Matroni. Kwa hiyo kama mwanasheria niliona: kupeleka chakula si ushahidi wa lolote.

Kisha akaugua, na mwaka jana akatutoka. Sitasema mengi hapo.

Siku ya msiba bibi huyu alikuja. Hakuja sebuleni kwa wageni wenye nafasi zao. Alipitia mlango wa nyuma, akakaa jikoni na akina mama, akaosha vyombo kutwa. Binti yangu akaniita pembeni, "Baba, yule mama anayelia jikoni ni nani? Analia kutushinda sisi." Nikachungulia. Nikamwambia, huyo ni mtu niliyemfunga. Binti yangu akaniangalia akadhani uchungu umenipanda kichwani.

Na wakati wa maneno ya mwisho, muuguzi mmoja mwenzake akasimama akasema, "Matroni alitufundisha sote neno moja: mtoto hangoji zamu." Yaani mtoto akiwa mgonjwa, usimwambie asubiri wa zamu nyingine aje. Neno hilo nilikuwa nimelisikia nyumbani mpaka limenichosha. Lakini siku ile lilinichoma mahali pengine. Nilikuwa nimelisoma mahali. Nikangoja wageni waondoke, nikatafuta nakala ya lile gazeti, ambalo lilikuwa kielelezo katika kesi yangu mwenyewe, nikasoma. Na pale, katika maneno ya huyo mtu anayefanya kazi hospitalini hapo, imeandikwa: "Mtoto hangoji zamu, na mtungi mtupu haumngoji mtoto."

Nilikaa chini. Gazeti lile nililisoma mahakamani kwa sauti yangu, mbele ya watu, na sikushtuka. Kwa nini sikushtuka?

Basi tangu hapo nimekuwa namfanyia mke wangu kesi. Ndiyo, msishangae, mzee mjane asiye na kazi anafanya nini? Upande mmoja: neno lake, chakula chake, machozi ya jikoni. Upande wa pili: neno lile walilisema wauguzi wote, maana aliwafundisha yeye, chakula alimpelekea kila mtu, na machozi, je, mtu akikulisha gerezani utaacha kumlilia? Nikaenda nikawauliza watu wa zamani wa hospitali. Dereva wa gari la wagonjwa akaniambia, "Mheshimiwa, sisi wote tulijua ni fundi wa mitungi." Fundi wa mitungi akasema wote walijua ni daktari wa usiku. Daktari, ambaye sasa ana hospitali yake na tumbo lake, akaniambia kwa siri kubwa kwamba ni yeye mwenyewe, ila nisimwambie mtu, na kabla sijafika getini alikuwa ameshamwambia mlinzi. Kwa hesabu ya wenyewe, bibi huyu alielezwa na hospitali nzima pamoja na paka wake.

Ningekuwa na mshtakiwa kwa ushahidi huo ningemwachia huru asubuhi na mapema. Lakini nimebaki na jambo moja ambalo sijamwambia hata binti yangu, na sasa analisikia pamoja nanyi. Mwanangu, nisamehe, ningekuambia garini, nikashindwa.

Jioni moja, bibi huyu akiwa bado ndani, nilikuwa mlangoni navua viatu. Matroni alikuwa ametoka kazini, hata sare hajabadili. Akasimama mbele yangu, akasema, "Mume wangu, naomba nikuulize kitu. Mtu akienda mwenyewe mahakamani, akasema ni mimi niliyemwambia, yule dada ataachiwa?"

Nikamwambia, "Kesi haivuki kizingiti."

Akasema, "Siulizi kesi. Nauliza tu."

Nikamwambia, "Basi usiulize."

Akasema, "Haya, Mheshimiwa." Nyumbani alikuwa akiniita Mheshimiwa pale tu anapokuwa amenikatia tamaa. Akaenda jikoni, tukala, na hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini.

Nimeligeuza swali lile kama mtu anavyogeuza shati gizani kutafuta mbele na nyuma. Kama alikuwa ni yeye, basi alikuja kunikabidhi kichwa chake na mimi nikamfungia mlango. Lakini hebu tazameni: angesema ni yeye, ningefanya nini? Ningelazimika kujitoa katika kesi siku ile ile na kueleza sababu. Angefukuzwa kazi, angeshtakiwa yeye, na mwezi aliolala bibi huyu sakafuni ungekuwa wa bure. Je, sheria yangu ya kizingiti ndiyo iliyomwokoa? Au alikuwa anauliza kama mama yeyote mwenye huruma, naye angemuuliza hata muuza mkaa? Sijui. Nasimama hapa mbele yenu, mtu niliyelipwa miaka yote ile kwa sababu nilijua kuamua, na sijui.

Mnaona ninachokitafuta? Si jina. Jina nitalifanyia nini, nimfunge marehemu? Nataka kujua kama mke wangu aliniogopa. Niliishi naye, nilikula naye, nilimpenda mwanamke yule kwa moyo wangu wote, na nataka kujua kama kulikuwa na mlango ndani ya nyumba yetu ambao alikuwa anapita akiuogopa. Hilo tu. Mtu mzima sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo mwaliko ulipokuja, na binti yangu akahakikisha jina ni langu, nilijipa matumaini. Nikasema: amestaafu. Mtu akistaafu anakabidhi funguo za ofisi, na siri zote za kazi anazitua. Ameniita aniambie. Leo nikanyoa ndevu vizuri, nikavaa suti hii aliyoichagua Matroni, na tulipofika nikamwomba Mhariri Mkuu atupishe kidogo katika chumba chake. Tukakaa, yeye kwenye kiti cha mhariri, mimi kwenye kile kiti chenu kilichovunjika mguu. Nikamuuliza kwa mara ya pili katika maisha yangu: "Bibi, nani alikuambia?"

 

Akasema, "Siwezi, Mheshimiwa."

Nikasema, "Mimi ni mume wake!"

Akasema, "Sijasema ni mke wako."

"Hujasema siye."

"Sijasema lolote."

Nikamwambia, huyo mtu, awaye yote, amekufa, ahadi uliyompa mfu inamlinda nani? Akaniambia, "Na huyo aliyekufa umemjua vipi? Mimi sijasema kama aliyeniambia yu hai au amekufa. Lakini tuseme amekufa. Nikianza kuwataja waliokufa, walio hai watanisikia. Wapo watu mji huu waliozungumza na mimi mwezi uliopita tu. Wakisikia Bi. Siwezi alistaafu Ijumaa na Ijumaa hiyo hiyo akafungua mdomo, watalalaje?"

Nikasema basi usimtaje, ninachotaka ni kujua tu kama mke wangu aliniogopa. Niambie tu kwamba hakuwa Matroni, nikapumzike. Neno moja, siye. Hapo akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha huruma, niliona. Akasema, "Mheshimiwa, ukiniuliza huyu nikasema siye, kesho atakuja mwingine aniulize yule, nimwambie siye, mpaka abaki mmoja. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwabana mashahidi hivyo hivyo, nilikaa kizimbani nikakuona." Na ni kweli. Hila hiyo ni yangu. Niliwafundisha nusu ya mawakili walio mlangoni pale.

Hasira zikanipanda, sifichi. Nikamwambia, "Sasa umenialika ya nini? Umeniita nije nivae suti nikae kwenye kiti kibovu unikatalie tena?"

Akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niiache ile hotuba mfukoni. Alisema, "Nimekualika kwa ajili ya hawa vijana. Wao wanadhani atakayekuja kuwauliza atakuwa polisi mwenye kirungu au tajiri mwenye bahasha. Hao ni rahisi kuwakatalia, hata mwoga anawaweza. Nataka wamwone yule mgumu. Mtu mwema, mwenye haki ya kujua, anayeuliza kwa adabu, na unatamani kwa roho yako yote kumjibu."

Kisha akanisogelea, akanishika mkono huu hapa, akasema polepole, "Halafu, hata kama ningekujibu, lile la kuogopwa lisingekuwa limejibiwa. Hilo si swali langu." Mhariri Mkuu akagonga mlango, akasema watu wamejaa, tukaja.

Ndugu wageni waalikwa, hapo ndipo nilipo. Nimekuja kumsifu mtu na sijui nimsifuje. Nikimsifu kwa kunyamaza, najisaliti mimi mwenyewe, maana kimya chake kinaniumiza hapa nilipo, sasa hivi, wakati nazungumza. Nikimlaumu, nitakuwa mwongo. Labda Matroni alimwambia, na bibi huyu amemlinda dhidi ya serikali, dhidi ya mzabuni, na sasa dhidi ya mumewe. Labda hakumwambia lolote, na bibi huyu anamlinda fundi fulani ambaye hata simfikirii, huku akiniona nateseka bure, na neno moja tu lingenituliza, naye halisemi. Mnajua ni kazi gani kumnyima mzee anayelia neno moja? Nimekuwa jaji, nimewahukumu watu vifungo virefu, na sidhani ningeweza.

Vijana, mmemwona mgumu mwenyewe. Ndiye mimi. Nitazameni vizuri, mnikumbuke sura, maana mimi mwenye sura hii ya kipole nimewahi kumfunga mwenzenu, na leo nimemwomba kama mtoto, na mara zote mbili nilikuwa na sababu nzuri sana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mhariri Mkuu, wanafamilia, wageni wote, nawashukuru mmenivumilia, mmenigunia na mmenicheka pale palipostahili, na mmenisikiliza hadi hapa. Binti yangu, nyamaza mama, tunaondoka sasa hivi.

Nimebakiza neno kwa mstaafu. Bi. Siwezi, mimi najijua. Hili halijaisha kwangu. Nitakuja nyumbani kwako. Nitakuja na zawadi, nitakuja nikiwa mgonjwa, nitakuja nikikuambia nakufa kesho, na pengine nitakuwa nakufa kweli. Nitakuuliza tena, na nitauliza vizuri kuliko leo. Usinijibu.

Asanteni.